Jina la Baba Mkwe

Katika habari hii sitataja jina la mtu yeyote. Si kwamba naogopa kushtakiwa, ingawa woga ninao wa kutosha, naweza kuwagawia hata majirani. Ni kwa ajili ya jina moja tu, na msomaji akivumilia ataona.

Mama yangu alikuwa na rovu. Kule kwetu milimani uvimbe wa shingo si kitu cha kushangaza. Nilipokuwa mdogo nilidhani kila bibi akizeeka lazima shingo yake iote kitu, kama kichwa kinavyoota mvi. Lile la mama lilikaa miaka mingi bila kumsumbua mtu. Alilifunika kwa mtandio, akalima, akavuna maharage, akamzika baba yetu, akacheza kwenye harusi za wajukuu. Kisha likaanza kukua kwa ndani, ambako mtandio haufiki. Nilipokwenda kumsalimia kijijini kwake, upande wa Kibondo, nilimkuta analala ameketi, mgongo ukutani, gunia la mahindi kulia na gunia la mahindi kushoto yakimshikilia asianguke. Akivuta pumzi, inalia kama mlango wenye bawaba kavu. Nikamuuliza tangu lini. Akasema tangu mavuno, kama vile ananipa habari za mbuzi.

Mimi nimeolewa Kasulu. Nauza mawese na dagaa sokoni, na mdomo wangu hauna breki. Aliyenizaa analijua hilo, na aliyenioa analijua zaidi. Siku ile nilimfokea mama yangu mzazi kama ninavyowafokea wanangu, eti kwa nini hakumtuma mtu anipigie simu. Aliniangalia tu, anavuta pumzi. Nikatoka nje, nikalilia nyuma ya choo mpaka nikachoka. Kulipokucha nikampandisha basi, tukaja Kasulu hospitalini.

Daktari alimpima, akampiga picha ya shingo, akaniita pembeni. Alisema uvimbe umeshaanza kubana njia ya hewa. Inatakiwa apasuliwe, tena Mwanza kwenye hospitali ya rufaa, na si jambo la kungoja. Nikamuuliza, je, asipopasuliwa? Akanijibu taratibu kwamba siku moja mama atapata mafua ya kawaida tu, koo litavimba kidogo, na hewa ile ndogo inayopita haitapita tena. Mafua jamani. Tangu saa ile nikawa naogopa kila anayepiga chafya. Mtoto wa jirani akija uani na kamasi, namfukuza kama kuku.

Uwezo wa kulipia hatukuwa nao, na sina haja ya kueleza zaidi, anayejua anajua. Daktari mwenyewe ndiye aliyenielekeza kwa dada wa ustawi wa jamii, chumba cha mwisho kwenye korido. Nilikwenda nikiwa nimejiandaa kugombana, maana nilishazoea ya "njoo kesho". Dada yule alinipa kiti. Akanieleza kwamba wazee wasio na uwezo wanatibiwa kwa msamaha, hata huko Mwanza, ila barua lazima ianzie kwa mtendaji wa kijiji anakotambulika mgonjwa. Si Kasulu kwangu. Kule kule nyumbani kwake.

Nikaanza kulalamika, mwanamke hawezi hata kulala, mnataka nimrudishe Kibondo akatafute muhuri? Aliniacha niseme mpaka nikaishiwa. Halafu akaniambia maneno ambayo leo mtu yeyote akiniuliza sokoni namna ya kuhudumiwa serikalini namwambia hayo hayo.

"Usitoke kwenye ofisi yoyote kabla hujauliza mambo mawili: nini kinakosekana, na nani anacho. Halafu usiende peke yako. Nenda na mtu aliyemjua mama yako kabla wewe hujazaliwa."

Basi tukarudi. Nilikwenda moja kwa moja kwa mwenyekiti wa kitongoji, mzee aliyechunga ng'ombe na baba yangu walipokuwa wavulana. Hakuuliza mengi. Alivaa koti lake la kanisani, akachukua fimbo, tukaenda naye kwa mtendaji.

Mtendaji alikuwa mgeni, ametoka mikoa ya mbali, hata mwaka hajamaliza. Kijana mzuri, sina neno naye. Aliomba kitambulisho cha taifa cha mama. Hana. Kadi ya mpiga kura ilishaliwa na mchwa pamoja na sanduku lake. Akasema sawa, tumjue kwa ndugu zake. Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Kwetu sisi Waha, kwa wale wa zamani, kila mtoto hupewa jina lake mwenyewe kufuatana na hali aliyozaliwa nayo: huyu wakati wa njaa, huyu baada ya msiba, huyu baba alipokuwa na ugomvi na jirani. Jina la ukoo la kufuatana kama mabehewa hatukuwa nalo. Mwenyekiti akawataja ndugu wa mama mmoja mmoja, na kila mmoja jina lake halifanani na la mwenzake. Mtendaji akaandika, akafuta, akatutazama. Aliona watu wasiohusiana, wamekusanywa tu.

Nikakumbuka yale maneno ya dada. Nikauliza nini kinakosekana na nani anacho. Akasema kinachokosekana ni uthibitisho wa uraia, na wenye nacho ni uhamiaji, Kibondo mjini. Akaniambia kwa upole kabisa kwamba asipofanya hivyo ataulizwa yeye. Kusikia uhamiaji tu, nikatazama mlango.

Asiyekaa kwetu hawezi kuelewa, kwa hiyo nieleze. Mpaka wa Burundi uko pale. Kiha chetu na Kirundi chao ni ndugu wa tumbo moja. Mrundi akisema mimi namwelewa, nikisema ananielewa. Kambi ya wakimbizi ya Nduta si mbali na kwa mama. Usoni hatuna alama. Ukisimama kwenye foleni ya mawese na kitenge chako, nani atajua babu yako amezikwa upande gani? Kwa hiyo sisi tunaoishi huku tumejifunza kutembea na woga kama watu wengine wanavyotembea na mwavuli. Kijijini kwa mama kuna mzee aliyewahi kuitwa kuhojiwa. Alikaa huko siku kadhaa, akarudi. Hakupigwa, hakutukanwa, hata chai alipewa, anasema mwenyewe. Lakini tangu arudi haendi gulioni, haendi hata kwenye misiba ya kijiji cha pili. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Na mimi nilikuwa na woga wangu wa pekee, ambao sikumwambia mtu. Sikuwa najua mama yangu alizaliwa wapi. Kuna siku nilipokuwa mtoto nilimsikia akimwambia shangazi kwamba wajomba zake walilima ng'ambo ya mto, na kwamba mama yake mzazi alikwenda kujifungulia huko. Nani alizaliwa huko? Mama? Au ndugu yake? Nilikua, nikaolewa, nikazaa, sikuthubutu kuuliza. Kitu usichokijua hakiwezi kukuponyoka mdomoni, na mdomo wangu nimeshasema ulivyo.

Asubuhi ya kwenda Kibondo mjini nilimkuta mama ameshaamka, amevaa kitenge juu ya kitenge. Pembeni yake kulikuwa na furushi. Ndani alikuwa ameweka viazi vilivyochemshwa, chumvi, kipande cha sabuni, na shuka. Ufunguo wa nyumba alishampelekea jirani, na mbuzi alishawapatia mlezi. Nikamuuliza furushi la nini, tunakwenda na kurudi. Hakujibu hilo. Alinishika mkono, akaniambia kwamba popote watakapompeleka, akifa, nihangaike mpaka nimlete alale kando ya baba yetu. Pale chini ya kahawa, si pengine.

Nilimjibu kwa ukali kwamba hakuna anayempeleka popote.

Kisha nikafanya kosa. Nilimwambia, mama, mle ndani usitoe neno la Kiha hata moja; wakisikia Kiha watadhani ni Kirundi. Sema Kiswahili tu. Sasa Kiswahili cha mama ni cha kanisani na gulioni: anajua kusali nacho na kupunguziwa bei. Kumnyima Kiha ilikuwa ni kumnyang'anya fimbo mtu anayevuka mto. Lakini nani kwetu asingemwambia mama yake vile? Ningekuwa na dada kumi, wote wangemwambia vile vile.

Afisa alikuwa kijana mwenye sare iliyopigwa pasi vizuri. Alimwita mwenyekiti kwanza, peke yake, akamhoji, mlango umefungwa. Tulikaa kwenye benchi nje na mama. Alikuwa ameshika furushi mapajani kwa mikono miwili, pumzi yake inalia, na watu wanatugeukia. Mmoja akakohoa. Nikamtazama kwa jicho lililomfanya ahame benchi.

Mwenyekiti alipotoka, tukaitwa sisi. Afisa akasimama, akasema shikamoo bibi. Mama akaitikia marahaba. Moyo wangu ukatulia kidogo, halafu nikaona kalamu, ukaanza tena kudunda.

Swali la kwanza lilikuwa lile lile nililoliogopa maisha yangu yote. Alizaliwa wapi. Nikabana mkoba wangu mpaka kucha zikaniuma. Mama akajibu papo hapo. Akataja kilima, akataja kijito kilichopita chini yake, akamtaja mkunga, akataja wakati walipohamishwa kwenye makazi ya kutawanyika kupelekwa kwenye kijiji cha ujamaa, na jinsi baba yake alivyorudi kinyemela kupalilia kahawa aliyoiacha. Mpaka leo hiyo kahawa inamuuma, nikaona. Kilima kile ni cha upande wetu. Aliyezaliwa ng'ambo alikuwa kaka yake. Miaka yote ile nilibeba mzigo usiokuwepo. Nusura nicheke mbele ya afande.

Afisa alikuwa anaandika huku anatikisa kichwa, ameridhika. Akauliza kuhusu mume. Mama akajibu. Amezikwa wapi. Akajibu.

"Na baba wa mume wako, bibi, aliitwa nani?"

Mama akasema, baba mkwe.

Afisa akatabasamu, akasema ndiyo, huyo huyo, jina lake. Mama akasema, mzee wetu. Afisa akarudia, jina. Mama akakumbatia furushi lake.

Hapo ndipo nilipokumbuka. Kwetu mke hatamki jina la baba mkwe wake. Halitamki mzee akiwa hai, na akifa ndiyo kabisa. Si jina tu, hata neno linalofanana nalo. Jina la babu yangu lina neno la mvua ndani yake, mvua kwa Kiha, na kwa hiyo mama tangu aolewe hajawahi kusema mvua, si kwa Kiha wala kwa Kiswahili. Wingu likifunga, yeye husema "yanashuka". Anikeni nguo ndani, yanashuka. Mwaka huu hayajashuka. Nilipoanza shule nilimwambia mwalimu nimechelewa kwa sababu yalikuwa yanashuka, darasa zima likanicheka. Wazee walisema anayemtaja mkwe wake humwita, na aliyeitwa huja. Mimi mambo hayo niliyaona ya kale. La baba mkwe wangu nikiulizwa nilikuwa nalitaja bila kupepesa, na wifi zangu wakiguna nawaambia wahamie kwenye karne hii.

Nikafungua mdomo kusema ni babu yangu, anaitwa fulani. Afisa akanyanyua kiganja, akaniambia zamu yangu itafika. Kwa sasa anamuuliza yeye, kwa sababu mwenyekiti ameshalitaja, na kinachotakiwa ni mama alitaje mwenyewe, yalingane. Mama akatazama sakafu. Pumzi yake ilikuwa inalia chumba kizima.

Nikaona nitetee. Nikamweleza afande mila yetu, harakaharaka, maneno yanagongana. Nikamwambia afikirie: angekuwa mwongo, si angekuja na jina amelikariri tangu nyumbani? Mwongo hasahau jina la babu wa kubuni. Niliona nimesema hoja nzito.

Afisa akaweka kalamu chini. Akaniambia, bila hasira hata kidogo, "Mama, nakuamini kwamba mila hiyo ipo. Tatizo langu ni kwamba hata ng'ambo wanayo hiyo hiyo."

Nilikuwa nimemvua mama yangu Kiha ili asifanane na watu wa ng'ambo, halafu kwa kinywa changu nikamvika mila ya ng'ambo. Nikauliza kwa sauti ndogo, nini kinakosekana. Akasema ni hilo jina tu. Nikauliza nani analo. Akamtazama mama. Akaeleza kwamba hawezi kuandika uongo kuwa amejibu. Akiandika hajajibu, faili litakwenda ngazi ya juu, na huko majibu huchukua miezi. Akauliza kama tunaweza kusubiri. Sikuhitaji kumjibu. Alikuwa anaisikia pumzi ile kama mimi.

Miezi. Mafua yangapi yako ndani ya miezi? Niliogopa siku ile kuliko nilivyowahi kuogopa, hata uchungu wa mtoto wangu wa kwanza haukunitisha vile. Nilipiga magoti kwenye sakafu ya ofisi ya watu, nikamshika mama magoti. Kiswahili chote kilinikimbia. Kikanitoka Kiha, kile kile nilichomkataza.

"Mama, vuga."

Sema, mama. Nilimwambia hivyo tu.

Alinitazama muda mrefu. Sijawahi kuangaliwa vile na mtu, na naomba nisiangaliwe tena. Kisha akaweka furushi chini. Akavua kandambili zake, akazipanga. Akavua mtandio, rovu likabaki wazi mbele ya mwanamume mgeni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Akasimama na kugeukia ukuta, upande ambao kijiji chetu kipo, akavuta pumzi iliyolia kuanzia mwanzo hadi mwisho. Akalitaja.

Hakulinong'ona. Kwa wakati ule mama alikuwa amebaki na sauti ya mikwaruzo, ya kubanwa. Jina lile lilitoka zima, kwa sauti niliyoikumbuka ya alipokuwa akituita toka mashambani, kilima hadi kilima. Nje kwenye benchi watu waligeukia mlango. Mwenyekiti, mzee mzima, niliambiwa baadaye, alivua kofia.

Afisa aliangalia karatasi yake. Akapiga muhuri. Akasema asante bibi, na pole. Nadhani hiyo pole aliisema kwa moyo.

Tukarudi kijijini. Mtendaji alitupa barua siku iyo hiyo, dada wa ustawi Kasulu akaipokea, akapiga simu zake, na baada ya muda mfupi tulikuwa kwenye basi la Mwanza. Kila kitu kilienda kama maji kwenye mfereji. Hicho ndicho kilichonitisha. Nimezoea serikali ya kusukuma. Ilipoanza kwenda yenyewe nikawa naogopa inakokwenda.

Mwanza, daktari mpasuaji alitukalisha sote wawili. Alisema mshipa wa fahamu wa sauti unapita nyuma kabisa ya hilo tezi, na uvimbe wa mama umeushika. Watajitahidi. Lakini wapo wanaotoka wakiwa hawana sauti, kwa muda, na wapo ambao hairudi. Nilimtafsiria mama kwa Kiha, neno kwa neno, sikuacha kitu. Nilikuwa nangoja akatae. Angekataa, ningemwelewa.

Alisema, "Sauti nimeshaitumia," akaomba wino wa kuweka dole gumba.

Alipasuliwa, akapona. Usiku wa kwanza, na uliofuata, alilala chali kama mtoto mchanga, kwa mara ya kwanza tangu yale mavuno. Kilio cha pumzi kikaisha. Na mimi ambaye nilikiogopa kilio kile, sasa nikawa naogopa ukimya. Kila mara nainama kuweka shavu karibu na pua yake nione kama hewa ipo. Wauguzi walinicheka. Mmoja alinitania kwamba mimi ndiye nitafutiwe kitanda.

Sauti haikurudi. Madaktari walisema tungoje, tukangoja. Mpaka leo ni mnong'ono, na mnong'ono wenyewe wa kusogeza sikio. Siku moja tukiwa tumeketi kwake, nilijikaza nikamuuliza kama anadhani babu ndiye aliyeichukua. Nilimweleza tena habari za mshipa, kwamba daktari alisema kabla. Alitikisa kichwa kwamba anakumbuka. Kisha akanivuta sikio, akaninong'oneza kwamba alimwita, na aliyeitwa akija hatoki mikono mitupu. Alisema bila kulalamika. Akaongeza kwamba mzee alikuwa mtu mwema, angeweza kuchukua kikubwa zaidi.

Nilitaka kubisha. Nina mdomo wa kubisha na polisi wa barabarani, nina mdomo wa kubisha na wachungaji, lakini pale sikubisha. Wingu lilikuwa limefunga upande wa Nduta na upepo umeanza kuja na vumbi. Mama akaangalia juu, akaninyooshea nguo zilizoanikwa. Akanyanyua mkono mmoja, akaushusha polepole, vidole vinacheza. Yanashuka. Hata bila sauti, hakulisema lile neno. Nikakimbilia kamba ya nguo.

Mwaka uliofuata ilikuwa zamu ya binti yangu mkubwa, naye anatafuta kitambulisho chake. Nilifuata yale maneno ya dada wa ustawi: sikwenda peke yangu, niliuliza nini kinakosekana, niliuliza nani anacho. Ofisi ya Kasulu, dirisha lenye mwanga, mhudumu mcheshi, wala hakuna aliyetutisha. Mambo yalikuwa yanaelekea kwisha. Akaniuliza, ili ajaze tu, babu wa mtoto, mzaa baba, anaitwa nani.

Jina nalijua. Mzee mwenyewe yuko hai, asubuhi ile alikuwa ameninunulia maandazi. Nimelitaja mara nyingi, na kuwacheka waliokuwa hawalitaji. Nikafungua kinywa. Koo likajifunga, kwa kweli, kama limeshikwa na mkono kwa nje. Binti yangu akanigeukia, akaniambia mama, jibu. Mhudumu akarudia swali, akidhani sijasikia.

Nilimfikiria mama yangu, asiyejua hata kuandika herufi ya kwanza ya jina lake, amesimama miguu mitupu akitazama ukuta.

Nikamwomba kalamu, nikaliandika lile jina.